Seli Ambazo Hazikulalamika

Yalianzia saluni. Mama mkwe alikuwa amekaa chini kati ya magoti ya msusi, nusu ya nywele zimeshasukwa na nusu zimesimama wima, mtu mmoja akamuuliza mkwe wake anafanya kazi gani siku hizi. Mama mkwe ni mtu wa kujivunia watu wake. Akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Mkwe wangu? Kazi yake ni kuingiza dawa kwenye seli bila walinzi kujua."

Kwenye sinki la pembeni alikuwa ameinama mke wa askari jela, jirani wa nyumba ya tatu, kichwa kimejaa povu. Hakungoja hata kusuuzwa vizuri.

Jioni askari jela mwenyewe akabisha hodi, bado yuko kwenye sare, kofia kwapani. Aliyemfungulia mlango ndiye mkwe anayesemwa: mwanamke mfupi, mwepesi wa macho, ambaye tangu utotoni anaitwa Vituko. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye vyeti tu, na hata yeye akiitwa kwa jina hilo hospitalini huchelewa kuitika.

"Shemeji," askari jela alianza, akijikohoza, "sikuja kwa ubaya. Nimekuja kama jirani. Hizo dawa unazoingiza kwenye seli, ni za aina gani?"

Mtu mwingine angeeleza papo hapo, yaishe. Vituko alichungulia barabarani kulia, akachungulia kushoto, akashusha sauti.

"Nani kakwambia?"

"Watu wanaongea."

"Ni kidogo sana, afande. Huwezi kuziona kwa macho. Zinagusa ukuta, ukuta unalegea, zinapita."

"Na zinaingia seli ngapi?"

"Kwa siku moja? Milioni kadhaa."

Askari jela alianza kuhesabu kichwani seli za gereza lake, na midomo ikawa inamcheza. Ndani sebuleni mume wa Vituko, ambaye ni fundi wa makochi, alikuwa amebana misumari midogo midomoni huku akigonga kitambaa kwenye mbao. Kicheko kilimpanda vibaya, nusura aimeze yote. Akaitema kiganjani na kupiga kelele:

"Seli za mwili, bwana! Za mwili wa mtu! Mke wangu huyu ni wa maabara!"

Askari jela aliketishwa kwenye kochi lisilo na kitambaa, akapewa chai, na baada ya kumaliza kujifuta jasho akataka aelezwe vizuri, maana mke wake angemuuliza. Hapo Vituko aliacha mzaha. Alimwambia kwamba kila seli ya mwili imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Dawa ndogo ndogo nyingi huweza kupenya. Zile kubwa, za protini, ambazo pengine zingefanya kazi nzuri zaidi zikifika ndani, huishia nje zimezubaa. Sasa kuna vitu vinaitwa peptidi: kamba fupi za asidi amino, vipande vilevile vinavyojenga protini. Baadhi ya kamba hizo zina kipaji cha kupita kwenye utando, na ukizifunga mzigo wa dawa mgongoni zinapita nao.

"Nani aligundua kitu kama hicho?"

"Moja ya zile za mwanzo ilitoka kwa kirusi. Kilikuwa na kipande cha protini kinachojua kupenya. Wataalamu wakakiiga kile kipande, kirusi chenyewe wakakiacha."

"Kwa hiyo mmeiba mbinu ya mhalifu."

"Tumeiba, afande."

Askari jela alicheka mpaka chai ikamwagikia sare. Lakini inasemekana mke wake aliendelea kumtazama Vituko kwa jicho la pembeni kwa muda mrefu tu.

Utundu wa Vituko haukuanzia hapo. Siku ya posa ya shangazi yake, akiwa mtoto wa shule ya msingi, alikaa mlangoni walipovua viatu wageni akabadilisha cha huyu na cha yule, saizi kwa saizi, kwa uangalifu mkubwa. Baba wa bwana harusi mtarajiwa alifika kwao na kiatu kimoja cheusi na kimoja cha kahawia, na posa nusura ivunjike. Vituko alichapwa. Shangazi mwenyewe ndiye aliyembandika jina, na ndiye aliyecheka zaidi, ila chumbani, mlango umefungwa.

Shuleni hakuwa mwanafunzi wa kutajwa, mpaka siku mwalimu wa biolojia alipowaonyesha ngozi ya kitunguu kwenye hadubini ya pekee ya shule. Mwalimu akasema seli inachagua cha kuingiza na cha kuzuia. Vituko akanyoosha kidole.

"Mwalimu, inaweza kudanganywa?"

Mwalimu alidhani anafanya utani, akamtoa nje. Lile swali alitoka nalo, akaenda nalo chuoni, na ndilo lililomfikisha ghorofa ya tatu ya jengo la utafiti, kwenye maabara ya mama mmoja mzee mwenye sauti ya polepole ambaye wote walimwita Profesa.

Ilikuwa maabara ya vyumba viwili na nusu. Cha kwanza kilikuwa na meza ndefu, friji mbili na karatasi ukutani iliyokataza kuweka chakula kwenye friji, karatasi ambayo mtu alikuwa ameipaka mchuzi. Cha pili, cha seli, ukiingia unavaa viatu vya plastiki na glavu. Humo ndimo lilimokuwa kabati la joto, lenye mlango wa kioo, ambamo seli zililelewa kwenye visahani na kulishwa majimaji ya rangi ya waridi. Ile nusu ilikuwa ya hadubini kubwa: kijichumba chenye pazia zito jeusi na kiti kimoja kinacholia kila ukijigeuza.

Kwenye kiti hicho ndipo alipokuwa akitawala Daktari Tai. Aliitwa hivyo kwa sababu ya tai ya shingoni, si yule ndege, ingawa Vituko alikuwa akisema hata pua inaruhusu. Alikuwa kijana mnadhifu, mwenye bidii, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja: akiangalia kwenye hadubini alitangaza kama mtangazaji wa mpira.

"Imegusa utando, jamani! Inasogea! Imeingia! Imeingiaaa mpaka kwenye kiini!"

Kazi yao ilikuwa hii. Waliifunga peptidi rangi inayong'aa kijani ikipigwa mwanga wa buluu. Wakaziwekea seli hai peptidi hiyo, wakasubiri, wakaziosha, kisha wakazitia fomalini, dawa inayoziua na kuzigandisha zilivyo, zisiharibike, ndipo wakazipiga picha. Ukiona kijani ndani ya seli, hasa kwenye kiini, basi peptidi imeingia. Walikuwa wameona kijani kwa miaka miwili. Picha moja, nzuri kuliko zote, Profesa aliitia kwenye fremu akaitundika ofisini kwake mahali ambapo watu wengine hutundika picha za watoto waliohitimu.

Tatizo, kwa upande wa Vituko, ni kwamba kijani cha Daktari Tai kilikuwa kikali kuliko chake. Na Daktari Tai hakuacha kulisema.

"Ni mkono, dada," alimwambia siku moja akijirekebisha tai. "Kuna watu wana mkono wa seli, na kuna watu wana mkono wa kufagia maabara. Si kosa lako."

Vituko alitabasamu vizuri sana. Waliomjua wangejihadhari.

Kesho yake alichukua kisahani cha seli alizokuwa amezitia fomalini siku iliyopita kwa ajili ya kufundishia wanafunzi. Seli zilikuwa zimekufa kufa kabisa. Akaziwekea ile peptidi ya kijani, akaziosha kama kawaida, kisha akabandua kibandiko chenye jina la Daktari Tai kwenye kisahani chake halisi na kukibandika kwenye kile cha marehemu. Alitaka mtu mwenye mkono wa seli aangalie, aone giza tupu, atokwe jasho, na tai ilegee kidogo. Basi. Halafu angemrudishia kisahani chake na wangecheka wote, au angecheka yeye peke yake, ambalo pia lilikuwa sawa.

Daktari Tai aliingia nyuma ya pazia. Kiti kikalia. Vituko alisimama nje, amejaza kona ya koti la maabara mdomoni.

"Jamani!" sauti ikatoka. "Jamani, jamani! Zimewaka zote! Hakuna kiini hata kimoja kilichobaki! Dada, njoo uone mkono!"

Vituko alitoa koti mdomoni. Aliingia, akasogeza jicho. Kijani kilikuwa kimejaa kwenye viini, kimetulia, kinapendeza. Kilifanana na kile cha kwenye fremu ya Profesa kama pacha na pacha.

Kicheko kilimkauka. Seli hizi zilikuwa zimekufa tangu jana. Hazikuwa na uwezo wa kuingiza wala kuzuia kitu. Kama maiti inawaka hivi, basi kuwaka huku hakusemi lolote. Peptidi ilikuwa inang'ang'ania juu ya utando hata baada ya kuoshwa, fomalini ikija inautoboa utando, na peptidi inajiingilia hadi kiinini bila kubisha hodi. Miaka miwili walikuwa wakizipiga picha seli baada ya kuziua, halafu wakishangilia kwamba mlango uko wazi.

"Vipi?" aliuliza Daktari Tai. "Wivu?"

"Nzuri," Vituko akasema, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alitoka bila kuongeza neno.

Hakumaliza siku hiyo bila kuhakikisha. Alichukua seli hai, akazipa peptidi, akazipeleka kwenye hadubini zikiwa hai vilevile, fomalini haijazikaribia. Viini vilikuwa vyeusi. Pembeni kulikuwa na vidoa vidogo vya kijani, hapa na pale. Seli zilikuwa zimeimeza ile peptidi, ndiyo, lakini zikaifungia kwenye vifuko vyake vidogo, mahali zinapowekea vitu vya kusagwa na kutupwa. Dawa iliyofungwa humo ni dawa iliyokwisha.

Nyumbani alimkuta mume wake ameling'oa kochi la mtu mpaka kwenye springi. Alimsimulia yote, hata la kibandiko.

"Ukimwambia Profesa atakufukuza," mume alisema.

"Anaweza."

"Na ukinyamaza?"

"Nitaendelea kupiga picha za uongo mpaka nistaafu." Alichukua msumari kiganjani mwa mumewe akaugeuzageuza. "Tena uongo wenyewe hauchekeshi."

Mama mkwe, aliyekuwa akisikiliza huku anajifanya anakunja nguo, alisema kama ni kufukuzwa basi afukuzwe baada ya sikukuu, kwa sababu alikuwa ameshawaahidi dada zake kuwaonyesha hiyo maabara. Huo ndio ulikuwa mchango wake.

Asubuhi Vituko alijikaza, akagonga mlango wa Profesa. Mama yule alikuwa anatafuna karanga na kupanga picha za kuwaonyesha wafadhili, ambao walikuwa wanakuja wiki hiyohiyo kuamua kama mradi uendelee.

"Kaa, mwanangu. Ipi ianze, hii au hii?"

"Profesa, zote zimekufa."

"Najua zimekufa. Tumezitia fomalini."

"Ndilo nililokuja kusema."

Akamwambia. Alipofika kwenye sehemu ya kibandiko alishusha macho sakafuni na kuharakisha, lakini Profesa alimwinulia kiganja. "Rudia hapo. Polepole." Akarudia. Profesa aliacha kutafuna. Aliitazama picha ya kwenye fremu muda mrefu, mpaka Vituko akaanza kutamani afokewe tu yaishe.

Kisha mabega ya Profesa yakaanza kutikisika. Vituko alidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha mtu mzima kisicho na sauti, mpaka miwani ikamtoka na karanga zikamwagika juu ya picha.

"Alisema zimewaka zote?"

"Alisema hakuna kiini hata kimoja kilichobaki, Profesa."

"Maskini." Akajifuta macho, na uso ukarudi kuwa wa kazi. "Umeniua, mwanangu. Mimi ndiye niliyeandika ile njia, wewe na mwenzako mmeifuata tu. Aibu ni yangu. Lakini mdomo utakuwa wako. Wafadhili wakija, utasimama wewe."

Siku ile ukumbi ulijaa watu wa suti na makabrasha. Vituko alipanda jukwaani. Aliwawekea ukutani picha mbili, moja kijani tele, nyingine nyeusi yenye vidoa.

"Moja kati ya hizi ni seli hai," alisema. "Nyingine zilikuwa zimekufa kabla hatujazipa chochote. Wanaodhani hai ni hizi za kijani, wanyooshe mikono."

Mikono ikanyanyuka ukumbi mzima. Mkuu wa wafadhili, bwana mmoja mnene ambaye tangu aingie hakuwa amelegeza uso, alinyoosha wake juu kuliko wote.

"Asanteni," Vituko akasema. "Hata sisi tulidhani hivyo."

Akawaeleza kilichotokea. Hakulitaja jina la Daktari Tai. Alisema tu kwamba kosa liligunduliwa kwa utani wa kijinga, na utani ulikuwa wake. Mkuu wa wafadhili akaegemea mbele.

"Yaani muda wote huu mmekuwa mkiwapa dawa maiti?"

"Ndiyo, mheshimiwa," alijibu Vituko. "Na hakuna aliyelalamika."

Yule bwana alikaza uso. Akaukaza zaidi. Halafu kitu kikakatika, akaangua kicheko kikubwa hivi kwamba aliyekaa mbele yake aliruka. Mradi uliongezewa muda, mfupi, kwa sharti kwamba picha zote sasa zipigwe seli zikiwa hai.

Daktari Tai yeye hakucheka. Ingawa hakutajwa, alijijua, na wanafunzi nao si wajinga. Kwa wiki kadhaa hakumsemesha Vituko moja kwa moja. Alizungumza na vifaa.

"Friji," alikuwa akisema, "mwambie huyo bibi aliyesimama mbele yako akupishe."

Vituko alijaribu kuomba radhi mara ya kwanza, friji ikajibiwa badala yake. Mara ya pili alimfuata ngazini, mahali ambapo hakuna kifaa cha kusemeshwa.

"Nilitaka nikutoe jasho kidogo," alisema. "Sikutaka nikuaibishe. Na kama si wewe kushangilia vile, nisingejua. Ningeona kijani peke yangu ningesema nimekosea kuosha."

Daktari Tai alishuka ngazi mbili, akasimama.

"Uliniumiza," akasema, akiwa amempa mgongo. "Nilikuwa nimeshampigia mama yangu simu kuhusu kile kisahani." Halafu akageuka. "Nitakulipizia. Hujui lini. Sasa twende, tuna kazi."

Kazi ilikuwa kuitoa peptidi kwenye vifuko. Walijua kwamba kifuko kile ndani yake hugeuka kuwa kichachu kadiri muda unavyokwenda. Daktari Tai ndiye aliyependekeza waunge kwenye kamba kipande ambacho kikikutana na uchachu hubadilika na kuupasua utando wa kifuko kutoka ndani. Vituko akapendekeza waachane na kijani kabisa. Wabebeshe peptidi protini ambayo ikifika tu kiinini, seli yenyewe inaanza kutengeneza rangi nyekundu. Seli iliyokufa haiwezi kutengeneza kitu. Maiti hangewadanganya tena.

Walijaribu kamba moja, seli hazikuonyesha lolote. Walijaribu nyingine, ikapasua vifuko, ikapasua na seli. Ilikwenda hivyo, kamba baada ya kamba, mpaka Profesa akaanza kupita mlangoni mwao bila kuuliza.

Kisha asubuhi moja Vituko alifungua kabati la joto, akachukua kisahani, akakiweka kwenye hadubini, akaona nyekundu. Si nyingi. Seli chache kati ya nyingi, lakini nyekundu kwelikweli, na hai, na moja ilikuwa inajigawanya mbele ya macho yake.

Aliinuka taratibu, akaenda kumsimamia Daktari Tai kichwani.

"Ni rangi ya kucha au ni wino?"

"Nini?"

"Umetia nini kwenye kisahani changu? Nimekubali, umelipiza, tumemalizana. Sema tu."

Daktari Tai aliapa. Akaapa tena. Kadiri alivyozidi kuapa ndivyo Vituko alivyozidi kumpongeza kwa uigizaji. Alirudia jaribio lote kwa mkono wake, akatia kufuli kwenye kabati la joto, na ufunguo akauvaa shingoni kwa kamba. Wanafunzi walipotaka kulisha seli zao walimwomba yeye, naye alisimama kando akiwahesabu vidole. Siku alipofungua kufuli, aliwaita wote wawili, Profesa na Daktari Tai. Akaangalia. Akasogea, akampisha Daktari Tai kwenye kiti kinacholia.

Daktari Tai aliangalia kimya. Walingoja atangaze. Hakutangaza kitu. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaangalia tena, akasema kwa sauti ndogo, "Imeingia."

Profesa aliishusha ile picha ya kwenye fremu mwenyewe. Hakuitupa. Aliipeleka kwenye chumba cha kufundishia, na mpaka leo wanafunzi wapya huulizwa wanaona nini.

Baada ya hapo zilikuja shida nyingine, kwa sababu seli za kwenye kisahani ni jambo moja na mwili ni jambo jingine. Kwenye damu peptidi ile hutafunwa kabla haijafika mbali, na ikifika haichagui, inaingia kwenye seli yoyote inayokutana nayo, ya ini, ya figo, zinazougua na zisizougua. Vituko anasema kuipenyeza sasa wanajua. Kuifundisha adabu bado. Hakuna mgonjwa aliyepewa, na yeyote akimuuliza lini, anajibu kwamba hajui, bila mzaha wowote.

Wameanza na panya. Wa kwanza kuchomwa dawa ile alitulia mkononi mwa Vituko kama aliyelala, akamwacha amalize, akamwacha aondoe sindano, kisha akamng'ata kidole kupitia glavu mpaka damu ikatoka. Vituko alipiga ukelele uliosikika ghorofa ya kwanza. Daktari Tai, aliyekuwa pembeni akiandika, hakuinua hata kichwa.

"Mnyama," alisoma kwa sauti huku anaandika, "yuko buheri wa afya."